Vuta Pigo la Mwisho

Opala, tarehe 11 Julai 1964

Mama Fatouma, mke wangu,

Nimefika mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote ukilitafuta.

Boti ilituchukua mpaka Isangi, halafu tukaupanda mto Lomami, maji meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Askari wenzangu walilala njia nzima. Mimi nilikaa nimeikumbatia mashine ya radio isilowe, na kapteni akanitania kwamba hajaona mtu anabembeleza chuma namna hiyo. Nikamwambia nina mke wa kubembeleza, ila yeye ndiye aliyenitenga naye.

Mwenzangu wa kazi anaitwa Hilaire, Mkatoliki wa Maniema. Anakaa kwenye kiti chenye pedali kama za baiskeli na kukanyaga ili mashine ipate moto wa umeme, na mimi napiga morse. Anakanyaga huku anasali rozari. Nikikawia anasema, "Papa Zuberi, fanya mbio, miguu yangu si ya leta." Anataka kusema si mali ya serikali.

Sasa sikiliza vizuri, Sikujua wangu. Kila siku saa kumi na mbili jioni napeleka taarifa Kisangani. Anayeipokea ni Tonton Asumani, mjomba wako, pale uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Taarifa ni namba tupu, hata mimi sijui zinasema nini. Lakini nikimaliza, kabla sijainua mkono, nitagonga. Tatu za haraka, kimya, mbili za kuvuta. Vile nilivyokuwa nikigonga dirishani kwenu mwaka wa Uhuru, baba yako akidhani ni kigogota. Ni marufuku kuongeza kitu kwenye taarifa ya jeshi, lakini nani atashtakiwa kwa kubisha hodi kwa mkewe? Mpelekee Tonton chakula saa hiyo, utanisikia.

Komeo la mlango nitalitengeneza nikirudi. Usimwite seremala, nitaona haya.

Wako,
Zuberi

*

Kisangani, tarehe 25 Julai 1964

Papa Fatouma,

Juu ya bahasha nimeandika Stanleyville, jina la Wabelgiji, ili watu wa posta wasinune. Humu ndani tuko Kisangani.

Nimekusikia. Nilikwenda na sahani ya pondu ya majani ya muhogo na liboke ya samaki wa kufungwa majani, na Fatouma mgongoni. Toka mtaani kwetu Tshopo hadi Simi-Simi kwa miguu, miguu yangu nayo si ya leta. Tonton alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, anaandika namba bila kuinua kichwa. Kisha akaacha kuandika. Akanitazama, akavivua, akanivalisha mimi.

Zuberi, nilicheka mpaka mchuzi ukamwagika. Mvumo, mikwaruzo, halafu wewe, unagonga. Na ni mkono wako kweli. Nimeusikia jioni ngapi ukijifunza kwa kijiko juu ya mfuniko wa sufuria, mpaka nasinzia? Tonton anasema kila opereta ana mkono wake, kama mwendo wa mtu, na wewe wako ni wa mtu mvivu: lile pigo la mwisho unalivuta kama baba anayefunga mlango polepole mtoto asiamke. Akaongeza, "Mwambie bwana yako anaharibu moto ya leta." Lakini alikuwa anatabasamu.

Usiku huo Fatouma aligonga sahani yake kwa kijiko, akakimbia mlangoni kukutazama. Nikamwambia papa bado yuko mbali kidogo.

Komeo limeanguka kabisa. Mlango naufunga kwa kamba ya mbuzi. Ona haya hukohuko.

Sikujua

*

Kisangani, tarehe 21 Agosti 1964

Papa Fatouma,

Hakuna posta tena. Barua hii imo ndani ya gunia la samaki wa moshi wa Mama Pélagie, yule anayepanda na kushuka mtoni kwa mtumbwi. Waasi wanamruhusu kupita kwa sababu nao wanakula. Ukiisoma utanusa safari yake.

Umesikia kwamba mji una wenyewe wengine tangu mwanzo wa mwezi. Tuko wazima, mimi na mtoto. Walikuja nyumbani kuuliza kama kuna askari, wakagonga kwa kitako cha bunduki mpaka kamba ya mbuzi ikakatika. Niliwaambia mume wangu yuko Opala. Ningeficha nini? Mtaa mzima unajua. Wakachukua redio yetu ndogo na viatu vyako vya Idi. Vilikuwa vinakubana.

Tonton Asumani wamemwacha kazini, na bunduki mlangoni pake. Sasa hapokei taarifa zenu, anaamriwa kuzisikiliza. Komanda wao hawezi kuzisoma zile namba, lakini anataka ziandikwe zote. Wananiruhusu kumpelekea Tonton chakula kwa sababu hawataki kumlisha wao.

Kwa hiyo bado nakusikia. Zuberi, hapa hakuna mwanamke mwenye mume askari anayejua kama mumewe yuko hai. Mimi peke yangu najua, kila siku saa kumi na mbili. Narudi nyumbani nimejaa. Wanawake wenzangu siwaambii, nitawaumiza.

Usiache hata siku moja. Nakuomba kwa jina la Mungu, ugonge.

Sikujua

*

Opala, tarehe 5 Septemba 1964

Mama Fatouma, roho yangu,

Barua nimeinusa kabla ya kuifungua. Hilaire alitaka kuila.

Hapa ni salama kabisa. Tunaumwa na mbu tu. Tulitoka kidogo kutembea ng'ambo ya mto, tukarudi. Chakula kipo. Nimenenepa, utanikataa.

Sitaacha. Hata kama kapteni atanifunga, nitagonga kwenye ukuta wa jela. Sasa taarifa tunazipeleka kwingine, lakini sauti inakwenda pande zote, kwa hiyo namba ni za wakubwa na mwisho ni wako. Siku nzima naishi kama askari, ile dakika moja naishi kama mume wa mtu. Hilaire ananijua. Nikifika mwisho anaacha rozari na kukanyaga kwa nguvu ili ikufikie vizuri.

Mbusu Fatouma. Mwambie viatu vya Idi nitanunua vingine vinavyotosha.

Wako,
Zuberi

*

Kisangani, tarehe 20 Septemba 1964

Zuberi,

Soma hii ukiwa umekaa.

Uliniandikia mlikwenda kutembea ng'ambo. Mlikwenda mkavamiwa, na mkarudi mmepungua. Nimelisikia kwa komanda mwenyewe, alikuwa anajisifu mbele ya vijana wake mimi nikikusanya sahani. Ukanidanganya kuhusu mbu. Nitakusamehe baadaye, sasa sina nafasi.

Sikiliza jinsi walivyojua. Pale Simi-Simi kuna ile antena ya kuzungusha, inayoonyesha ndege inatokea upande gani. Komanda ameamuru Tonton aizungushe kutafuta mashine za jeshi. Zote zinalia namna moja, haijulikani hii ni ya nani na ile ni ya nani. Isipokuwa moja. Yenye hodi mwishoni. Walimkamata mtu wa Opala, akawaambia opereta anayegonga anatembea na kapteni siku zote. Basi, hodi ilipo, ndipo jeshi la kapteni lilipo. Mlipovuka mto uligonga ukiwa ng'ambo. Walikuwa wanawangoja asubuhi.

Umekuwa kengele shingoni mwa mbuzi, Zuberi. Na aliyekuomba uendelee kulia ni mimi.

Tonton anajaribu kuikosesha makusudi ile antena, lakini wamemwekea kijana mwenye masikio makali, naye ameanza kumshuku.

Acha kugonga. Usigonge tena, hata mara moja ya kuniaga. Nitakwenda na sahani yangu, nitasikia mikwaruzo na namba, na sitajua ni wewe au si wewe. Nitakaa hivyo. Ni afadhali nisijue kama uko hai, kuliko nijue mpaka siku watakayokukuta kwa sababu yangu.

Nakupenda. Sijawahi kukuandikia neno hilo, ulikuwa unalidai, sasa unalo. Acha.

Sikujua

*

Kisangani, tarehe 12 Oktoba 1964

Kwa yeyote atakayefungua barua hii Opala,

Niliandika mwezi uliopita nikimwomba mume wangu aache. Mama Pélagie ameniapia kwamba alimpa mkononi. Jioni chache kukawa kimya, nikashukuru Mungu na nikalia, vyote pamoja. Kisha hodi ikarudi.

Lakini mkono si wake. Tatu za haraka ni sawa, kimya ni sawa, mbili zinakuja fupi, zimekatwa, kama mtu anayeogopa kuungua. Nilimtazama Tonton, akainamisha macho. Naye alikuwa amejua.

Kwa hiyo nimeelewa. Zuberi amekufa, na kuna mtu amekaa mahali pake na kuchukua hodi yake.

Juzi yule kijana mwenye masikio makali alimwambia komanda kwamba mkono umebadilika. Wakaniita. Wakanivalisha vile vidude, wote wamesimama wananiangalia usoni. Komanda akaniuliza kama ndiye, "Mama, sikia muzuri. Huyu njo bwana yako?"

Nikasikiliza. Nikasikia mtu asiye mume wangu akibisha hodi ya mume wangu. Machozi yakanitoka, sikuyaita. Nikasema, "Ndiyo, papa. Njo yeye. Njo Zuberi yangu."

Komanda akacheka, akadhani ni furaha. Akamwambia yule kijana, "Unaona? Mwanamuke hawezi kulia bure." Wakaandika kwamba kapteni bado yuko Opala.

Kwa nini nilisema vile, sijui vizuri. Nilifikiri, kama kuna watu wanaotaka Zuberi aendelee kuwa hai, mimi ndiye nitakayesema hapana?

Wewe unayegonga, sikuchukii. Niambie tu amezikwa wapi, na kama aliswaliwa.

Sikujua, mke wa Zuberi

*

Opala, tarehe 25 Oktoba 1964

Madame,

Mimi ni yule wa pedali. Unisamehe mwandiko, mikono yangu imezoea kukaa bure wakati miguu inafanya kazi.

Nimekatazwa kuandika. Lakini barua yako nimeisoma, siwezi kukuacha hivyo. Bon, basi. Nitaandika kwa mzunguko, na wewe utaelewa, maana nimeambiwa una akili kuliko sisi wote.

Mwenye nyumba hakufa. Hajaumwa hata kichwa. Ile barua yako ya kusema acha, aliipeleka kwa mkubwa wetu mwenyewe, akakiri kosa lake. Mkubwa akakohoa muda mrefu. Halafu akasema: wenye masikio wameipenda hodi, basi tuwaachie hodi. Mwenye nyumba ametoka na mkubwa na watu wengi, kwa njia nyingine. Siku hizi anafanya kazi yake kimya. Mimi nimebaki na wachache, nimeachiwa ufunguo.

Alinifundisha siku nzima juu ya bakuli. Alinitukana sana. Aliniambia, "Hilaire, unabisha kama polisi." Siku ya kuondoka alitaka kukuandikia, mkubwa akakataa, kwa sababu barua ikikamatwa watu wengi watakufa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Hii niandikayo ikikamatwa nitapigwa risasi na pande zote mbili. Isome, iweke chini ya sufuria, upike.

Usiulize kaburi, Madame. Uliza viatu vya Idi. Ameniambia anatafuta namba kubwa.

Hilaire

*

Kisangani, tarehe 6 Novemba 1964

Kwa aliyeachiwa ufunguo,

Nilipika pondu kwa barua yako, na sijala pondu tamu namna ile tangu nizaliwe.

Sina nafasi ya kukushukuru. Yule kijana bado anatikisa kichwa kila jioni, na siwezi kulia mbele yao kila siku. Kwa hiyo nisikilize. Tatu za mwanzo unazipiga vizuri. Kimya chako ni kifupi: vuta pumzi, itoe, ndipo uendelee. Na lile pigo la mwisho, livute. Likae. Usiogope. Wewe ni baba, umetoka chumbani, mtoto amelala, unarudisha mlango polepole usilie. Hivyohivyo. Mwenye nyumba hajawahi kufunga mlango kwa haraka maishani mwake, ndiyo maana komeo halikutengenezwa.

Nitakuwa nasikiliza. Ukipatia, nitatabasamu pale mbele yao, na hiyo nayo itawasaidia.

Mungu akulinde wewe na miguu yako.

Mama Fatouma

*

Kambi ya jeshi, Kisangani, tarehe 3 Desemba 1964

Mama Fatouma, mke wangu,

Nimefika mzima. Naanza tena na hilo.

Niko hapa, katika mji mmoja na wewe, na hawaniruhusu kutoka. Tuliingia na msafara mkubwa uliowatimua waasi, kwa barabara ya upande mwingine, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Wanasema mpaka Jumamosi hakuna askari wa kutoka nje. Tonton Asumani ndiye anayeleta barua hii. Alinikuta getini, akanikumbatia mbele ya mlinzi, akasema nimekonda kama antena.

Nataka nikueleze kuhusu kimya. Kila jioni nilimaliza namba na kidole kikabaki juu ya chuma, kinataka. Nilikuwa nakiondoa kwa mkono mwingine. Kisha nilikuwa nageuza mashine kumsikiliza Hilaire akikubishia hodi wewe. Nilimwonea wivu, naapa. Anagonga kwa mke wangu, tena vibaya!

Halafu jioni moja mwezi uliopita lile pigo la mwisho likavutwa. Likakaa. Nilijisikia mwenyewe nikigonga kutoka Opala. Nikajiuliza ni nani aliyemfundisha, kwa sababu mimi nilishindwa.

Siku chache baadaye hodi ilikatika katikati. Waasi walikuwa wamepata nguvu za kutosha, wakaishambulia Opala kumtafuta kapteni ambaye hayuko. Hilaire yu hai. Wamemleta hapa hospitali ya kambi. Mkono wa kulia umevunjwa na risasi, daktari anasema hautarudi kwenye chuma. Alinionyesha barua zako mbili, amezikunja mpaka zimechanika. Alikuambia uchome yake, yeye za kwako hakuweza.

Nimesoma ulivyolia mbele ya komanda. Ulidhani nimekufa, na bado ukasema njo yeye. Sikujua, mke wangu, nisikilize. Njia tuliyopita ilikuwa tupu kwa sababu ya machozi yako. Kuna wanaume wengi hapa kambini wanakula wali leo na hawajui wanakula kwa nani.

Jumamosi nakuja. Usije getini, kuna fujo. Kaa nyumbani. Nitapita nyuma kwa dirisha kama mwaka ule, nitagonga, tatu za haraka, kimya, mbili za kuvuta. Nimezitunza miezi yote hii.

Wako,
Zuberi

*

Kisangani, tarehe 4 Desemba 1964

Papa Fatouma,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa sakafuni. Tonton anangoja anipelekee jibu, anakula, ananiambia nifanye mbio.

Usigonge.

Siyo kwamba sitaki. Nisikilize. Tangu Agosti kila aliyegonga hapa alikuwa na bunduki. Waliokuja kwanza waligonga kwa kitako, na hawa wenu waliokuja juzi wamegonga vilevile, wakitafuta waliokuwa wa kwanza. Komeo nilitengenezewa na jirani mwezi uliopita, la chuma, usione haya tena. Fatouma akisikia chochote kikigonga, hata nazi ikianguka, anaingia chini ya kitanda na kuziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono. Hakufundishwa na mtu. Yule aliyekuwa akikimbia mlangoni kukutazama, Zuberi, ndiye huyo.

Nilijaribu jana kumgongea hodi yako kwa kijiko, polepole, juu ya mfuniko. Akaikimbia na hiyo. Tutamfundisha upya, mimi na wewe, juu ya sufuria, jioni moja baada ya nyingine. Najua kufundisha hodi hiyo, muulize Hilaire.

Akiruhusiwa, mlete. Nimeloweka samaki, na nitamlisha mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu wa kwake aliutoa kwa ajili yetu.

Jumamosi pita mbele, usipite dirishani kama mwizi. Komeo nimelitoa leo asubuhi, niko nalo hapa mkononi ninapoandika. Mlango utakuwa wazi tangu alfajiri, na mimi nitakuwa nimekaa nautazama. Usigonge. Sukuma tu, uingie.

Sikujua wako